Kompyuta Zisizo na Diski: Kinga ya Israfu Madrasani

Katika mji wetu wa Songea, kompyuta nyingi kuukuu huishia stoo mara diski zake zinapokufa. Sisi katika kamati ya msikiti twaiona hiyo kuwa israfu, kwani mashine hizo bado zaweza kuwasomesha watoto wetu.

Ufumbuzi ni seva. Kompyuta moja yenye nguvu hubeba programu na mafaili yote. Nyingine huunganishwa nayo kwa nyaya kupitia swichi. Kila mashine hupangiwa ianze kwa mtandao badala ya diski. Inapowashwa, kadi yake ya mtandao huomba anwani. Seva huipa anwani hiyo, kisha huipelekea faili la kuanzia, na mashine hufanya kazi kwa kumbukumbu yake ya muda. Intaneti haihitajiki. Mradi wa LTSP, ulioasisiwa na Jim McQuillan nchini Marekani mwaka 1999, hutoa programu za kazi hii bila malipo.

Kwa njia hii mwalimu hutunza mfumo mmoja tu. Lakini seva ikizimika, darasa zima husimama. Diski yake ikiharibika, kazi za watoto wote hupotea.

Kwa hiyo, wazazi tunapochangia chumba cha kompyuta, tusihesabu idadi ya mashine pekee. Tuanze na seva madhubuti, betri ya kuikinga umeme unapokatika, na diski ya pili ya kuhifadhia nakala. Sadaka ni amana, na amana hulindwa kwanza ndipo iongezwe.