Glasi ya "bure" ndani ya ndege: nani anailipia?

Mfanyabiashara wa vitunguu anayetoka soko la Misuna mjini Singida, akiwa na haraka ya kufika Dar es Salaam, husafiri kilometa zipatazo 240 kwa barabara hadi Dodoma, kisha huruka kwa muda wa kama saa moja. Mwaka akiuza vizuri hushawishika kununua kiti cha mbele, kile cha daraja la biashara. Katika kampuni nyingi duniani zenye daraja hilo kwenye safari fupi, kabla mlango haujafungwa mhudumu hupita na sinia lenye maji, juisi na glasi za mvinyo wa mapovu, ule ambao wengi wetu huuita shampeni hata kama haukutoka Champagne kule Ufaransa. Hakuna anayedai fedha.

Ukurasa huu wiki hii unauliza fedha ya kinywaji hicho inatoka wapi. Swali hili si la starehe. Wako wasomaji wanaonunua tiketi hizo, wako walionunua hisa za kampuni za ndege, na wako wanaoshawishiwa kupanda zabibu kwa maelezo kwamba ndege zitazinywa zote. Wote watatu wana fedha mezani, na wote watatu huitazama glasi wakati hesabu yenyewe iko kwenye kiti.

Zamani nauli za kimataifa zilikuwa zikipangwa na mashirika yenyewe kupitia umoja wao, IATA. Kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kushusha bei, mashirika yalishindana kwa chakula na vinywaji. Ushindani huo ulifika mahali pa kuchekesha mwaka 1958, pale shirika la nchi za Skandinavia, SAS, lilipolalamikiwa na wenzake kwamba mikate yake ya abiria wa nauli ya chini ilikuwa minono kupita kiasi. Sheria ilisema abiria hao wapewe mkate wenye kitu ndani, nao SAS wakaugeuza kuwa mlo kamili. IATA iliwatoza faini.

Daraja la biashara lenyewe ni la mwishoni mwa miaka ya 1970. Nauli za punguzo zilikuwa zimeanza kujaza ndege watalii, na mtu wa kampuni aliyelipa nauli kamili akajikuta amebanwa kiti kimoja na aliyelipa nusu. Kumtuliza, mashirika yalimtengea sehemu yake, yakaweka pazia na kumpa kinywaji. Ulaya hadi leo, kwenye safari fupi, viti vya mbele mara nyingi ni vilevile vya nyuma. Tofauti ni kwamba kiti cha katikati kinaachwa kitupu. British Airways ilipoanza kuwauzia abiria wa daraja la kawaida chakula na vinywaji kwenye safari fupi Januari 2017, waliokaa mbele ya pazia waliendelea kupewa bila malipo. Glasi ilibaki kuwa mpaka kati ya makundi mawili ya wanunuzi.

Sasa tufanye hesabu. Ndege aina ya Airbus A220-300 za Air Tanzania, ambazo ya kwanza iliwasili nchini Desemba 2018, zina viti 132: vya daraja la biashara 12 na vya kawaida 120. Mbele vimepangwa vinne kwa safu, nyuma vitano. Safu tatu za mbele, kwa sababu ya nafasi ya miguu, huchukua eneo la karibu safu nne za nyuma. Tuseme ni viti 20 vya kawaida ili hesabu iwe nyepesi.

Bei zinazofuata ni za mfano tu, si za kampuni yoyote. Kama kiti cha kawaida ni Sh. 250,000, viti 20 vingeleta Sh. milioni 5. Ili viti 12 vya mbele vilete fedha hiyohiyo, kila kimoja kiuzwe karibu Sh. 417,000, tena vyote vijae. Vikijaa sita tu, kila abiria lazima alipe Sh. 833,000. Hapo hatujataja mvinyo.

Tuutaje basi. Chupa ya sentilita 75 hutoa glasi sita. Abiria 12 wakinywa glasi mbili mbili, ni chupa nne. Chupa ikigharimu Sh. 40,000, jumla ni Sh. 160,000, yaani asilimia 3 na kidogo ya zile milioni 5. Kiti kimoja cha mbele kikiruka kitupu, hasara yake ni zaidi ya mara mbili na nusu ya mvinyo wote wa safari hiyo. Kwa maneno ya sokoni, glasi ni ile kata ya nyongeza anayokumiminia muuza mafuta ya alizeti baada ya kujaza dumu: faida yake aliishaiweka kwenye bei ya dumu.

Kuna upande wa pili ambao mnunuzi wa tiketi anapaswa kuujua. Hesabu ya viti 20 inasimama endapo nyuma kumejaa. Siku ambayo nyuma kuna viti 40 vitupu, vile 20 vya ziada visingepata mtu, kwa hiyo eneo la mbele siku hiyo haliigharimu kampuni karibu chochote. Ndiyo sababu baadhi ya kampuni hukubali kumpandisha abiria daraja kwa nyongeza ndogo siku yenyewe ya safari. Kuuliza kaunta hakulipiwi. Aidha, kinachomfaa zaidi mfanyabiashara katika tiketi ya mbele, kwa kawaida, ni uzito wa mizigo na ruhusa ya kubadili tarehe bila faini kubwa. Mtu ambaye bei ya mzigo wake hubadilika kati ya Jumatatu na Alhamisi aipime tiketi kwa hayo.

Mvinyo wa mapovu una gharama zake ambazo mvinyo wa kawaida hauna. Ndani ya chupa kuna mgandamizo wa mara tano hadi sita ya ule wa hewa ya nje, zaidi ya maradufu ya tairi la gari dogo. Kwa hiyo chupa hutengenezwa nene, na ikijaa hufikia kilo 1.6 au zaidi. Kila kilo inayopandishwa angani hula mafuta. Pia chupa ikishafunguliwa haina kesho. Mapovu yakiisha ni mvinyo wa kumwaga. Wakitaka glasi abiria watatu tu, chupa nzima hufunguliwa. Kampuni nyingine hukwepa hasara hiyo kwa chupa ndogo za sentilita 20, ambazo kwa lita moja ni ghali zaidi lakini hazimwagwi.

Halafu kuna suala la ladha. Hewa ndani ya ndege iliyo juu hulingana na ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Singida mjini tuko kwenye mita 1,500 hivi, kwa hiyo sisi tumezoea nusu ya safari. Hewa hiyo ni kavu mno, na ulimi huko hupoteza sehemu ya uwezo wa kutambua sukari na chumvi. Kumiminia watu shampeni ya bei mbaya kwenye safari ya saa moja, ambapo muda wa kuhudumia ni kama dakika 30 tu, ni kutupa fedha. Niliwahi kupewa glasi ambayo sikuifikisha nusu, ikachukuliwa kwa kuwa ndege ilikuwa tayari kuruka. Nilikuwa nimeilipia.

Kodi nayo hubadili mambo. Mkataba wa Chicago wa 1944, kifungu cha 24, huondolea ushuru wa forodha vitu vilivyomo ndani ya ndege ya kimataifa vinavyoingia na kutoka nayo. Ndege inayokwenda Nairobi inaweza kubeba mvinyo usiolipiwa ushuru. Ndege ya Dar es Salaam hadi Dodoma haitoki nje ya nchi, na chupa hiyohiyo iliyoagizwa ng'ambo hubeba ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT. Usishangae basi kuona safari ya ndani ikiwa na juisi pale ambapo safari ya nje ina mapovu. Na kwa abiria wengi wa nchi yetu wasiokunywa pombe, juisi hufanya kazi ileile.

Viti vya mbele vinamtegemea nani? Kwa miaka mingi mnunuzi mkubwa alikuwa serikali na mashirika yake. Novemba 2015 Rais John Magufuli alipiga marufuku maofisa kusafiri kwa madaraja ya juu, isipokuwa yeye mwenyewe, Makamu wa Rais na Waziri Mkuu. Agizo moja likaondoa kundi zima la wanunuzi ambao nauli haikutoka mifukoni mwao. Kisha Julai 2024 ikaanza treni ya umeme ya SGR kati ya Dar es Salaam na Dodoma, ambayo huchukua saa tatu na nusu hadi nne, nayo ina madaraja yake ya juu. Ukijumlisha muda wa kwenda uwanjani na kungoja, ndege haina tena ubavu iliokuwa nao. Ushindani wa namna hii hauzuiwi kwa kubadili aina ya mvinyo.

Mwekezaji mdogo atazame mifano iliyopo. Fastjet ilianza safari za ndani Novemba 2012 bila daraja la biashara na ikiuza kila kitu, hata mzigo. Kuondoa cha bure hakukuiokoa. Ilisimama mwishoni mwa 2018. Precision Air iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2011 kwa Sh. 475 moja na kuorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam Desemba mwaka huo. Wanunuzi walikuwa pungufu ya matarajio, na hasara za miaka iliyofuata zilikula mtaji. Kilichoiumiza ni madeni ya ndege, mafuta na fedha za kigeni. Air Tanzania, ambayo hisa zake haziuzwi kwa umma lakini ambayo sote tunaichangia kwa kodi, ilipata hasara ya Sh. bilioni 91.8 mwaka wa fedha 2023/24 kwa mujibu wa ripoti ya Mkaguzi Mkuu. Sehemu ya tatizo lake imekuwa ndege za A220 kukaa chini kwa kasoro za injini ambazo ziliyakumba mashirika mengi duniani. Ndege iliyolala haimimini glasi yoyote, lakini gharama zake hazilali.

Tofauti na hao ni Swissport Tanzania, zamani DAHACO, iliyoingia soko la hisa mwaka 2003. Yeye hulipwa kwa kuhudumia ndege iliyotua, mbele kuwe kumejaa au kutupu, na kwa miaka mingi alikuwa akitoa gawio. Naye alipata misukosuko alipopata mshindani na ndege zilipopungua mwaka 2020. Hata hivyo, katika biashara hii hatari ya kiti kitupu hukaa kwa mwenye ndege, na anayemhudumia hulala usingizi mzuri zaidi.

Tumalizie na zabibu, maana hapa ndipo watu wa Manyoni wanapoulizia. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mojawapo ya aina zinazolimwa huko, Chenin Blanc, ndiyo itumikayo pia kutengeneza mvinyo wa mapovu katika bonde la mto Loire, Ufaransa, na Afrika Kusini. Sheria yetu ya ushuru wa bidhaa inaupendelea mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za nyumbani. Kwa karatasi mambo ni mazuri. Lakini mapovu huhitaji uchachushaji wa pili ndani ya chupa au tangi la mgandamizo, mitambo ambayo si ya mtaji mdogo, na zabibu zivunwe mapema zikiwa bado na ukali, jambo gumu katika joto letu.

Kubwa kuliko hayo ni ukubwa wa soko. Tuchukue safari 10 kwa siku, chupa nne kila moja: ni chupa 14,600 kwa mwaka, lita zisizofika 11,000, ambazo hutokana na tani 16 hivi za zabibu. Hiyo ni kazi ya ekari chache. Atakayemwambia mkulima ang'oe alizeti kwa ajili ya soko la ndege, aonyeshwe hesabu hii. Kampuni ya mvinyo inaweza kutaka jina lake lisomwe na wakubwa wakiwa angani, na hilo ni tangazo halali. Mkulima yeye haliuzi tangazo.

Ambacho Singida inaweza kupakia ni kile kinachoambatana na glasi. Wilaya ya Manyoni ina mashamba makubwa ya korosho eneo la Masigati. Pakiti ya gramu 20 hailazimiki kubaki mbele ya pazia. Inaweza kufika viti vyote 132. Safari 10 kwa siku zikijaa ni pakiti 481,800 kwa mwaka, karibu tani 9.6 za korosho zilizobanguliwa na kukaangwa. Zitahitaji nembo ya TBS, ufungaji usiopitisha hewa na mzigo usiokatika hata msimu ukiwa mbaya. Anayefikiria zabuni ya namna hiyo aulize kwanza malipo hutoka baada ya siku ngapi, kwa sababu mkulima aliyemkopesha korosho hatangoja siku 90.