Kuku na Bustani Nyuma ya Nyumba

Katika nyumba nyingi za Tanzania, vijijini na hata pembezoni mwa miji, utawakuta kuku wachache wakichakura uani, na karibu na mahali pa kuoshea vyombo utaona matuta mawili au matatu ya mboga. Mara nyingi hatuvihesabu vitu hivi kuwa kilimo. Lakini mgeni afikapo bila taarifa, au daftari la shule linapohitajika na fedha hakuna, kuku ndiye anayekamatwa kwanza. Katika somo hili tutachunguza jinsi kuku na bustani vinavyotegemeana. Kisha tutajifunza juu ya ugonjwa ambao unaweza kuliacha banda tupu kwa muda wa wiki moja.

Kinachotoka bandani

Ingia katika banda la kuku asubuhi kabla halijafagiliwa. Utasikia harufu kali inayochoma pua. Hiyo ni harufu ya hewa iitwayo amonia. Inatoka wapi?

Kuku hakojoi kama mbuzi au ng'ombe. Uchafu ambao mbuzi huutoa kwa mkojo, kuku huutoa pamoja na kinyesi, nao ndio ule weupe unaouona juu ya kinyesi chake. Weupe huo una naitrojeni nyingi. Vijidudu vya udongoni vinapouozesha, sehemu ya naitrojeni hugeuka kuwa amonia na kupotea hewani. Sehemu nyingine hubaki na kuwa chakula cha mimea. Mimea huhitaji naitrojeni ili iote majani mengi. Mchicha unaoikosa hudumaa, na majani yake ya chini hugeuka manjano. Ndiyo sababu mchicha, mnafu na matembele hustawi sana katika udongo uliotiwa samadi ya kuku.

Hata hivyo, wapo watu waliomwaga kinyesi cha kuku bustanini jioni, na baada ya siku chache wakakuta miche yao imeungua. Inawezekanaje chakula kiunguze? Tufanye jaribio.

Jaribio la makopo matatu

Tafuta makopo matatu yenye ukubwa sawa, uyatoboe matundu chini. Changanya udongo wa kuyajaza yote, ili udongo uwe wa aina moja. Katika kopo A tia udongo peke yake. Katika kopo B tia udongo uliochanganywa na konzi mbili za kinyesi kibichi cha kuku. Katika kopo C tia udongo uliochanganywa na konzi mbili za samadi ya kuku iliyokwisha kuoza. Panda miche mitatu ya mchicha katika kila kopo. Yaweke makopo mahali pamoja na uyamwagilie maji kwa kipimo kimoja. Yaangalie kila siku kwa wiki tatu, na uandike unayoyaona. Nawa mikono kwa sabuni kila umalizapo.

Mara nyingi miche ya kopo B hunyauka na kingo za majani yake hugeuka rangi ya kahawia. Kinyesi kibichi kina chumvichumvi nyingi. Zinapoyeyuka, maji ya udongoni huwa na chumvi nyingi kuliko maji yaliyomo ndani ya mizizi. Kwa hiyo maji huvutwa kutoka katika mizizi badala ya kuingia ndani yake. Mche huo hufa kwa kiu huku umesimama katika udongo uliolowa. Amonia nayo huiharibu mizizi michanga. Katika kopo C chumvi na amonia zimekwisha kupungua, na naitrojeni hutoka polepole, kiasi ambacho mche unaweza kukitumia.

Huenda ukafikiri kwamba kopo A halikuwa na kazi, maana halikutiwa kitu. Bila kopo hilo tusingejua lolote. Kama miche ya kopo A nayo ingekufa, tungelishuku jua, au udongo, au mbegu, wala si kinyesi. Kopo A ni kopo la kulinganishia. Likumbuke, kwa sababu tutalihitaji tena katika somo hili hili, na safari hiyo halitakuwa na mchicha.

Ili kupata samadi iliyooza, changanya kinyesi cha kuku na majani makavu au maranda ya mbao, nyunyizia maji kidogo, kisha funika kwa majani ya mgomba. Baada ya siku chache chomeka kijiti katikati ya lundo. Kichomoe baadaye na ukishike. Utakikuta kina joto, maana vijidudu vinavyoozesha lundo hutoa joto vinapofanya kazi. Lipindue lundo mara kwa mara ili hewa iingie. Baada ya miezi miwili au mitatu samadi itakuwa nyeusi, haitanuka amonia, nayo itakuwa na harufu kama ya ardhi baada ya mvua. Usitie kinyesi kibichi kwenye mboga zinazoliwa bila kupikwa, kwa kuwa kinaweza kuwa na bakteria wanaoleta ugonjwa wa kuhara.

Bustani nayo huwalipa kuku. Magugu, viwavi na majani yaliyotobolewa na wadudu ni chakula kizuri kwao, na majani mabichi hukifanya kiini cha yai kiwe na rangi ya manjano iliyokolea. Lakini kuku hajui tofauti ya gugu na mche uliopandwa jana. Weka uzio wa mabua au matete, wewe mwenyewe uwapelekee majani.

Mdondo

Tetea wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15, kisha huyaatamia kwa siku 21. Tuseme nyumba moja ina matetea watatu, na kila mmoja ametotoa vifaranga 10. Mwewe, kicheche na baridi wakichukua 12, hubaki 18. Hiyo ni mali. Watu wa mkoa wa Singida, unaosifika kwa kuku wa kienyeji, huwasafirisha kuku kama hao hadi Dar es Salaam kuwauza.

Sasa fikiria kwamba siku moja kuku watatu wamejikunyata, mabawa yameshuka, nao hawataki kula. Wanatoa kinyesi cha kijani na kupumua kwa shida. Wengine shingo zimepinda au miguu imepooza. Kufika mwisho wa wiki, karibu kuku wote wamekufa, nao wa jirani wameanza kujikunyata. Huo ndio mdondo, ambao mahali pengine huitwa kideri. Jina lake la kigeni linatokana na mji wa Newcastle, Uingereza, ambako ulitambuliwa miaka ya 1926 na 1927. Mwaka 1926 ulionekana pia katika kisiwa cha Java.

Mdondo huletwa na virusi, navyo hutoka katika kinyesi, makamasi na mate ya kuku mgonjwa. Husafiri kwa tenga lililobeba kuku sokoni, kwa viatu vya mgeni, kwa chombo cha maji kinachoazimwa, na kwa utumbo na manyoya ya kuku aliyechinjwa upesi kabla hajafa. Baya zaidi ni lile tendo ambalo watu hulifanya kwa kuogopa hasara. Waonapo kuku wameanza kuugua, huwapeleka wale walio hai sokoni. Kuku huweza kuwa na virusi kwa siku kadhaa kabla ya kuonyesha dalili, kwa hiyo anunuliwaye akiwa mzima huupeleka ugonjwa kijiji kingine.

Mdondo hauna dawa. Wengi hutia shubiri mwitu au pilipili katika maji ya kuku, wengine hununua dawa za kuua bakteria dukani. Dawa za bakteria haziui virusi. Na shubiri je? Utamsikia mtu akisema, "Niliwapa shubiri, na wawili wakapona." Hapa ndipo tunapolihitaji kopo A. Hata katika banda ambalo kuku hawakupewa kitu, mara nyingine kuku mmoja au wawili huponea. Kama hatuna kuku wa kulinganishia, hatuwezi kusema kwamba walioponea waliokolewa na shubiri.

Tone moja jichoni

Mdondo huzuiwa kwa chanjo, tena kabla haujafika. Chanjo ya matone iitwayo I-2 ina virusi hai vya aina isiyodhuru. Vikiingia mwilini, mwili wa kuku hutengeneza kingamwili, ambazo zitapambana na virusi vikali vitakapokuja. Kazi hiyo huchukua wiki moja hadi mbili. Ndiyo maana kumchanja kuku aliyekwisha kuugua hakumsaidii.

Chanjo nyingine huharibika upesi zikikaa nje ya jokofu. I-2 ilitayarishwa Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na umeme, nayo hustahimili joto zaidi kuliko hizo. Tanzania pia huitengeneza. Hata hivyo ihifadhiwe mahali pa baridi na penye kivuli, na ikishachanganywa itumike kwa muda ulioandikwa katika maelezo yake. Mshike kuku kwa upole, mlaze ubavu, dondosha tone moja katika jicho moja, kisha subiri apepese kabla ya kumwachia. Jogoo mkubwa na kifaranga hupata tone lile lile moja. Chanjo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne, kwa maana nguvu yake hupungua. Chupa moja hutosha kuku wengi, basi majirani hushirikiana kuinunua na kuchanja siku moja. Mwombe mwalimu awasiliane na afisa mifugo, ili mwone jinsi chanjo inavyotolewa.

Kazi ya kufanya

1. Tengeneza daftari la kuku wa nyumbani kwenu. Kila jioni andika idadi ya kuku, mayai yaliyotagwa, waliokufa na waliouzwa. Andika pia tarehe ya chanjo, na tarehe ya kuirudia.

2. Kuku wapya wameletwa kutoka mnadani. Kwa nini wafungiwe peke yao kwa wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wengine?

3. Mwanafunzi mmoja alipanda mchicha katika makopo B na C tu, bila kopo A. Miche ya makopo yote mawili ikafa. Je, anaweza kusema kwamba samadi iliyooza huua mchicha? Eleza.

4. Mama Asha amewachanja kuku wake siku ya Jumatatu. Siku ya Jumatano kuku wawili wameanza kujikunyata, na mume wake anasema chanjo ndiyo iliyowaua. Ungempa maelezo gani, na ungemshauri afanye nini na kuku waliobaki?