Saa zetu zilipotelea wapi?

Mwezi uliopita, sisi wa ekipi ya usiku tulipokea mushahara bila saa za ziada. Badji tulipitisha kila siku, lakini ordinatere ilisema hatukufika kazini. Delege wetu wakaomba kuona serveri yenyewe.

Serveri iko na faili ambamo inaandika makosa yake. Masini ya badji ya mulango mumoja ilikuwa na neno la siri la zamani. Ilijaribu kuingia bila kupumzika, na kila mara mustari mupya uliandikwa. Faili ikajaza disiki yote, na saa zetu zikakosa pa kuandikwa.

Fundi alifuta faili, kesho yake ikajaa tena. Kufuta si kuponyesha: ni kutosha maji mu shimo na chemchemi iko wazi. Dawa ni kusoma mistari ya mwisho, kutengeneza kosa, kutenga faili ku disiki ingine, na kuweka kengele disiki ikifika 80%.

Ndugu, kayee ya shefu wa ekipi njo ilitulipisha. Kila mutu aandike saa zake, kila siku.