Fahamu: Kwa nini bingwa na bingwa hawazai bingwa kila mara katika michezo ya farasi mtandaoni

Wachezaji wengi wa michezo ya kuzalisha farasi mtandaoni hupandisha bingwa kwa bingwa wakitarajia mtoto mwenye kasi zaidi. Ushahidi unaelekeza kwingine: cha kulinganisha kwanza ni umbali wa mbio, si wingi wa vikombe. Mwaka 2010 watafiti wa Dublin wakiongozwa na Emmeline Hill walionyesha kwamba jeni inayodhibiti ukuaji wa misuli hutenganisha farasi wa mbio fupi na wa masafa marefu. Mwenye nakala mbili za aina C ya jeni hiyo hufaa mbio fupi, mwenye T mbili hufaa mbio ndefu, na mwenye moja ya kila aina hukaa katikati. Wazazi wawili wa katikati, hata wawe hodari vipi, wanaweza kuzaa aina zote tatu.

Wapo watakaosema mchezo ni programu tu, hauna damu wala misuli. Ni kweli, lakini baadhi ya waundaji huiga urithi huohuo, pamoja na bahati yake. Tena viwanja halisi vya mbio vinaonyesha kwamba bingwa hazai bingwa kila mara. Farasi Secretariat aliweka rekodi ya mbio za Belmont Stakes mwaka 1973, dakika 2 na sekunde 24, ambayo haijavunjwa hadi leo, ila hakuzaa mtoto wa kumfikia. Ubora wake ulijitokeza zaidi kwa wajukuu waliozaliwa na binti zake, wakiwemo A.P. Indy na Storm Cat. Basi kabla ya kulipia dume ghali, chunguza pia ukoo wa jike lako.