KUTOKA NGANO HADI OPERA: MFANO WA TREEMONISHA

Mtahiniwa, swali kuhusu uhifadhi na maendeleo ya fasihi simulizi hupendwa na watunga mitihani. Wengi hujibu "maandishi, redio na televisheni", kisha hukwama. Soma mfano huu mpaka uweze kuusimulia kwa maneno yako, nawe utakuwa na hoja yenye ushahidi.

Opera ni nini?
Opera ni tamthilia ambayo wahusika wake huimba maneno yao, wakisindikizwa na okestra. Ina nguzo tatu: maneno, muziki na jukwaa.

Chimbuko la kisa
Waafrika waliopelekwa utumwani Marekani walikuta sheria zilizokataza watumwa kufundishwa kusoma katika majimbo mengi ya Kusini. Hivyo, hadithi, nyimbo, michezo na imani zao zilitunzwa kichwani na kurithishwa kwa mdomo. Katika ngano zao, kama katika zetu, sungura mjanja huwashinda wanyama wenye nguvu.

Scott Joplin, mtunzi Mweusi aliyekulia Texarkana, mpakani mwa Texas na Arkansas, alilelewa katika mazingira hayo. Baba yake aliwahi kuwa mtumwa. Joplin alipata sifa kwa muziki wa piano uitwao ragitaimu, lakini alitamani kutunga opera. Mwaka 1911 alichapisha Treemonisha kwa fedha zake mwenyewe, maneno na muziki vyote vikiwa vyake.

Muhtasari
Ni mwaka 1884, katika shamba moja huko Arkansas. Ned na mkewe Monisha wanamlea Treemonisha, mtoto waliyemwokota chini ya mti. Anapata elimu, na akiwa msichana wa miaka 18 anawapinga walaghai wanaowauzia watu hirizi za bahati. Walaghai hao wanamteka na kutaka kumtupa kwenye kiota cha nyigu. Rafiki yake Remus anavaa mavazi ya sanamu ya kutishia ndege, anawatisha na kumwokoa. Watekaji wanapokamatwa, watu wanataka kuwaadhibu, lakini Treemonisha anaamuru waachiwe. Mwishoni jamii inamchagua awe kiongozi wake.

Hatua za kuigeuza sanaajadi kuwa opera
(a) Kuteua malighafi. Joplin hakuchukua ngano moja na kuinakili. Alikusanya vipande: mtoto wa kuokotwa, hirizi, michezo ya duara na mkusanyiko wa kuambua mahindi.
(b) Kujenga mgogoro. Vipande hivyo havitoshi bila mvutano. Mgogoro hapa ni kati ya elimu na ulaghai.
(c) Kuhamisha utendaji. Kiongozi na waitikiaji wa nyimbo za kazi wanakuwa mwimbaji mkuu na kwaya. Ngoma ya jamii inakuwa dansi ya jukwaani.
(d) Kuandika na kupanga. Kila sauti na kila ala hupewa sehemu yake katika maandishi ya muziki.

Kinachopatikana na kinachopotea
Kinachopatikana ni uhifadhi na upana wa hadhira. Kinachopotea ni uhuru wa fanani kubadili kisa papo hapo, pamoja na ushiriki wa hadhira, ambayo sasa huketi na kutazama.

Hata maandishi hayana kinga kamili. Mwaka 1915 Joplin aliionyesha opera hii Harlem, New York, bila mandhari wala okestra, yeye mwenyewe akipiga piano. Haikupokelewa vizuri. Alifariki mwaka 1917 bila kuiona ikichezwa kikamilifu. Mpangilio wake wa okestra ulipotea. Yakabaki maandishi ya sauti na piano. Kwa sababu yalikuwa yamechapishwa, wanamuziki wengine waliweza kuipangia okestra upya. Ilichezwa Atlanta mwaka 1972 na Houston mwaka 1975, na mwaka 1976 Joplin akapewa tuzo maalumu ya Pulitzer, miaka 59 baada ya kifo chake.

Hoja ya kukuongezea alama
Usiandike kwamba kuhifadhi ni kusifu kila kilichorithiwa. Joplin alizihifadhi nyimbo, michezo na ngoma za watu wake, lakini akaukosoa ulaghai wa hirizi. Aidha, alimpa uongozi msichana Mweusi miaka 9 kabla ya katiba ya Marekani kuzuia wanawake kunyimwa kura kwa sababu ya jinsia. Mtunzi bora huchambua mapokeo: kipi kiendelee, kipi kiachwe.

Swali la mazoezi
"Kuigeuza fasihi simulizi kuwa sanaa ya jukwaani ni kuiua." Jadili.

Mwongozo
Anza kwa kufafanua fasihi simulizi. Toa hoja mbili zinazounga mkono kauli (kupotea kwa uhuru wa fanani na ushiriki wa hadhira) na mbili zinazoipinga (uhifadhi na upana wa hadhira). Kila hoja iwe na mfano. Hitimisha kwa msimamo mmoja ulio wazi. Kusema tu kwamba kauli ina pande mbili si hitimisho.

Sasa funga kitabu. Chukua ngano moja uliyosimuliwa nyumbani, uipitishe katika hatua (a) hadi (d). Ukifaulu, mada hii umeielewa.