Saa za Kuruka: Soroti, Wilson au Ng'ambo?

Mwanafunzi wa urubani akisha kupata leseni ya rubani binafsi huwa ameruka kiasi cha saa 40 hivi, nayo leseni hiyo haimruhusu kulipwa hata senti moja kwa kazi ya kurusha ndege. Leseni ya rubani wa biashara, ambayo ndiyo itakayompa riziki, bado iko mbali. Kiwango cha chini kilichowekwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga ni saa 200, au saa 150 kwa aliyesoma mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Kila saa katika hizo hununuliwa: petroli ya ndege, kodi ya ndege yenyewe, ada ya kutua na, inapobidi, malipo ya mwalimu. Ziko familia zilizouza shamba kwa ajili hiyo. Kwa hiyo swali la mahali pa kuzitafuta saa hizo si dogo, na jibu lake kwa mtu wa Afrika Mashariki huanzia kwa majirani.

Kwanza yafaa ieleweke kwamba saa za kuruka si kama magunia ya mahindi, yanayohesabiwa tu yakatosha. Katika saa 200, zisizopungua 100 lazima rubani awe ndiye mkuu wa ndege. Kwa aliyepitia chuo kilichoidhinishwa zatosha 70. Katika hizo, 20 ziwe za safari za kutoka kiwanja kimoja hadi kingine, na mojawapo ya safari hizo isipungue kilomita 540, pamoja na kutua na kusimama kabisa katika viwanja viwili tofauti. Zinatakiwa pia saa 10 za mafunzo ya kuruka kwa kutegemea vyombo bila kutazama nje, na anayetaka kuruka usiku ana saa zake 5 za giza. Aliyezunguka juu ya kiwanja chake cha nyumbani mpaka daftari likajaa atakuwa amepoteza fedha nyingi, na ofisi ya leseni itamrudisha.

Safari hiyo ndefu ndiyo inayoonyesha faida ya Soroti, katika mashariki ya Uganda. Mwanafunzi akiondoka Soroti akatua Gulu, kisha Entebbe, na kurudi Soroti, huwa amekwenda takriban kilomita 700. Njiani huvuka mbuga na mabwawa, na pale Entebbe hukutana na ndege kubwa za abiria na sauti za waongozaji wasio na muda wa kurudia maneno. Siku moja ya namna hiyo humfunza mengi kuliko wiki nzima ya kuzunguka.

Chuo cha Soroti kilianzishwa mwaka 1971 kikiwa mali ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ili Kenya, Tanzania na Uganda zipate marubani na mafundi wao bila kuwapeleka Ulaya. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 chuo kilibaki mikononi mwa Uganda peke yake, na ilifika miaka ambayo ndege na walimu walikuwa wachache mno. Jumuiya mpya, iliyozaliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, haikukisahau. Jina lake limebaki la Afrika Mashariki, na anga yake haina msongamano. Lakini anayekwenda huko hana budi kuuliza swali moja kabla ya kufunga mizigo: ni ndege ngapi zinazoruka leo, wala si ngapi zilizomo katika banda? Mwanafunzi anayengoja ndege miezi mitatu hula akiba yake akiwa ardhini, na mikono yake husahau.

Upande wa Kenya hali ni kinyume kabisa. Kiwanja cha Wilson, mjini Nairobi, kina historia ndefu ya ndege ndogo. Jina lake latokana na Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha kampuni ya ndege mwaka 1929, ingawa kiwanja kilikuja kuitwa hivyo mwaka 1962. Hapo ndipo yalipo madaktari wanaoruka wa AMREF, na hapo ndipo kilipo kikosi cha ndege cha Polisi wa Kenya. Ndege za mafunzo hazikosekani, mafundi wako karibu, na mwanafunzi husikia kazi halisi ya anga tangu siku ya kwanza.

Lakini wingi huo una bei yake. Muda wa kuruka, kwa tafsiri ya kimataifa, huhesabiwa tangu ndege ianzapo kujisogeza kwa nia ya kupaa hadi isimamapo mwisho wa safari. Kwa hiyo dakika 15 za kungoja katika foleni nyuma ya ndege za watalii huandikwa katika daftari kama muda wa kuruka, na hulipiwa hivyo hivyo, ijapokuwa rubani hakujifunza lolote ila subira. Na liko jambo zito zaidi ya fedha. Tarehe 5 Machi 2024 ndege ndogo ya mafunzo iliyotoka Wilson iligongana angani na ndege ya abiria juu ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Mwalimu na mwanafunzi wake walikufa. Ndege ya abiria ilirudi na kutua salama. Katika anga yenye shughuli nyingi kiasi hicho, kutazama nje na kusikiliza redio ndiko kunakomrudisha mtu nyumbani.

Wilson iko futi 5,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na Soroti karibu futi 3,700. Injini ya kawaida ya ndege ndogo hupungukiwa nguvu kwa kadiri ya asilimia 3 kwa kila futi 1,000, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi. Bawa nalo hubeba kwa shida. Ikiongezwa joto la saa saba mchana, ndege iliyokuwa ikipaa upesi Dar es Salaam hukimbia mbali sana kabla ya magurudumu kuacha ardhi. Aliyejifunza pwani tu aweza kudhani injini imeharibika. Rubani atakayefanya kazi katika viwanja vya udongo vya nyanda za juu anafaa kulijua jambo hili mapema, akiwa bado na mwalimu kando yake.

Wengi huvutwa na ng'ambo. Afrika Kusini ina ndege nyingi, na kuanzia Juni hadi Agosti anga ya nyanda zake za juu huwa kavu na angavu, saa zikapatikana haraka. Marekani vilevile, lakini huko yako mambo ya kuchunguzwa. Sheria ya Marekani huruhusu, kwa masharti, marubani wawili kuiandika saa ileile kuwa wote ni wakuu wa ndege: mmoja amezibwa macho asione nje, akiruka kwa vyombo, mwenziwe akimlinda. Gharama hugawanywa nusu kwa nusu. Saa hizo zikiletwa nyumbani, mamlaka ya leseni ina haki ya kuzipima upya na kuzikata.

Haki hiyo imo katika Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944. Kifungu cha 32 kinaipa kila nchi uwezo wa kukataa, kwa safari za juu ya ardhi yake, leseni ambayo raia wake ameipata katika nchi nyingine. Nchi za Jumuiya zimejaribu kupunguza tofauti hizo, na tangu mwaka 2007 wakala wao wa usalama wa anga, ambao makao yake ni Entebbe, hushughulika kulinganisha kanuni. Hata hivyo leseni bado hutolewa na kila nchi. Basi barua ya kuuliza Mamlaka ya Usafiri wa Anga hutangulia ada ya chuo.

Kwa wanajeshi na polisi liko jambo jingine. Kifungu cha 3 cha mkataba huohuo kinazitoa ndege za jeshi, polisi na forodha nje ya kanuni za ndege za kiraia. Mabawa ya kifuani, kwa hiyo, si leseni. Afisa aliyestaafu aweza kupeleka saa zake za utumishi zitazamwe, iwapo zimethibitishwa kwa sahihi na mhuri wa kikosi, zikionyesha aina ya ndege na kama alikuwa mkuu au msaidizi. Na mitihani ya kiraia, pamoja na uchunguzi wa afya, humngoja. Anayengali kazini afanya vema kuliandika daftari lake kila jioni na kumpa mkuu wake atie sahihi kila mwezi, kwa maana kuzitafuta sahihi hizo miaka 10 baadaye, wakuu wakiwa wamehamishwa au wamefariki, ni kazi ngumu kuliko kuruka kwenyewe.