Jumba la Farasi Ukingoni mwa Bosporus

Paukwa! Pakawa!

Haya watoto, sogeeni karibu. Leo sina sungura wala fisi. Nina nyumba. Ni nyumba ya kweli, ipo hadi leo, na yeyote anayefika Istanbul anaweza kuingia.

Istanbul ni mji mkubwa kuliko yote nchini Uturuki, na umekatwa katikati na mlango wa bahari uitwao Bosporus. Upande huu ni Ulaya, ng'ambo ni Asia, na katikati zinapita meli zinazokwenda na kutoka Bahari Nyeusi. Katika mtaa wa Emirgan, upande wa Ulaya, jumba letu limekaa mlimani na kuyatazama maji.

Lilijengwa mwaka 1925 kwa ajili ya mwanamfalme wa ukoo uliotawala Misri. Mwaka 1951 likapata mwenyewe mpya, Hacı Ömer Sabancı. Huyu hakuzaliwa tajiri. Ujanani alitoka kijijini kwao karibu na Kayseri, akaenda Adana kwenye mashamba ya pamba, akafanya kazi ya kibarua. Baadaye akaanza kuiuza pamba yenyewe, kisha akaingia kwenye viwanda na benki, hata akaweza kununua jumba la wana wa wafalme.

Mwaka huohuo alinunua pia farasi. Msiulize alikula nini, maana alikuwa wa shaba! Mchongaji wa Kifaransa, Louis Doumas, alimtengeneza mwaka 1864. Farasi akasimamishwa mbele ya jumba, na watu wakaanza kuliita Atlı Köşk, yaani Jumba la Farasi. Bustanini yupo farasi wa pili, nakala ya mmoja wa farasi wanne maarufu ambao wapiganaji wa Vita vya Msalaba waliwapora mjini Istanbul mwaka 1204 wakawapeleka Venice.

Mzee Hacı Ömer alifariki mwaka 1966. Mwanawe Sakıp akahamia humo na familia yake, akalijaza jumba picha za wachoraji wa Kituruki na maandishi ya kale. Mwaka 1998 familia ilikikabidhi Chuo Kikuu cha Sabancı jumba pamoja na hazina yake, na mwaka 2002 milango ikafunguliwa kwa watu wote. Ndiyo Makumbusho ya Sakıp Sabancı.

Basi tuingie. Vyumba vya chini vimeachwa vikiwa na samani za familia, kama enzi zile walipokuwa wakiishi. Tazameni, lakini msikalie viti! Twende juu, kwenye maandishi.

Humo mna misahafu, vitabu vya dua na amri za masultani wa Milki ya Osmani. Kabla mwandishi hajaanza, karatasi ilipakwa ute wa yai, ikakauka, kisha ikasuguliwa kwa jiwe laini mpaka iteleze. Wino ulitokana na masizi ya taa yaliyochanganywa na gundi ya mti. Kalamu ilikuwa ya tete, ncha yake imekatwa mshazari, ili ikivutwa huku itoe mstari mnene na ikigeuzwa kule utoke mwembamba kama unywele. Na mtu akikosea? Ule ute wa yai ulizuia wino usizame, kwa hiyo kosa lilifutwa kwa kitambaa kibichi.

Sasa tazameni juu ya amri ya sultani. Mnaona mistari mitatu iliyosimama wima, na kushotoni vitanzi viwili vikubwa, kimoja ndani ya kingine? Hiyo ni tughra, alama ya sultani. Ni maneno yaliyofumwa yakawa picha. Ya Mahmud wa Pili, kwa mfano, inasema: Mahmud Khan bin Abdulhamid, mshindi daima. Jina lake, jina la baba yake, na sifa.

Maandishi haya ni ya herufi za Kiarabu, nazo Uturuki iliacha kuzitumia mwaka 1928. Kwa hiyo mtoto wa Istanbul ambaye hakufundishwa herufi hizo husimama mbele ya maandishi ya mababu zake asiweze kusoma hata neno. Lakini mtoto wa Lamu au Unguja aliyesoma chuoni kwa mwalimu anaweza kuitambua alifu hapa na mimu pale, maana ni herufi zilezile alizofundishwa, na ndizo zilizoandika Kiswahili kwa karne kadhaa.

Sasa kazi ni yenu. Chukueni karatasi na kalamu. Andika jina lako, kisha bin au binti, kisha jina la baba, ulisokote mpaka liwe picha. Mwishoni weka sifa moja. Lakini iwe ya kweli, maana mama yako ataisoma!

Hadithi yangu imeishia hapo.